Karatasi za Husserl zilinusurikaje vitani? Jibu kwa msomaji wa Uvira

Swali: "Mimi ni mwanafunzi wa falsafa, kwetu ni Uvira. Mwalimu alitusimulia kwamba Edmund Husserl aliacha kurasa elfu arobaini za maandishi, na padre mmoja akaziokoa kwa masanduku matatu mwaka 1938. Mambo mawili sikuyaelewa. Alivukaje nazo mpaka wa Ujerumani? Na kama zilikwenda Ubelgiji, ambako Wajerumani wenyewe waliingia miaka miwili baadaye, zilinusurikaje? Nauliza pia kwa sababu marehemu babu alikuwa mwalimu na ameacha madaftari mengi. Tumeshakimbia nayo mara mbili, na sijui tukikimbia tena tuyafanyeje."

Ndugu yangu, kwanza pole. Familia inayobeba madaftari ya marehemu wakati wengine wanabeba magodoro na sufuria imeshaonyesha inathamini nini, na nitajitahidi jibu langu lilingane na mzigo huo.

Tuanze na mpaka. Padre huyo hakuvuka nazo. Alitafuta njia ya kuzivusha akaona haipitiki, basi akageuka akaingia nazo ndani zaidi ya Ujerumani, mpaka Berlin, mji mkuu wa watu wale wale aliokuwa akiwakimbia. Ili uone kwa nini hiyo ndiyo iliyokuwa njia salama, inabidi kwanza ujue karatasi zenyewe zilikuwa za namna gani.

Husserl alizaliwa mwaka 1859 Prossnitz, Moravia, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea hisabati, akabatizwa Mlutheri akiwa kijana, akafundisha Halle, kisha Göttingen, na mwisho Freiburg alikostaafu mwaka 1928. Mwanawe Wolfgang aliuawa Verdun mwaka 1916 akiwa askari wa Ujerumani. Hayo yote hayakumfaa kitu. Wanazi walipochukua serikali mwaka 1933, amri ya jimbo la Baden ilimsimamisha pamoja na watumishi wengine waliohesabiwa kuwa si Waaria, ingawa alikuwa mstaafu tayari. Aliendelea kuandika. Ndivyo alivyokuwa akifikiri, kwa kalamu, siku baada ya siku, akirudia tatizo moja mara kumi kwa kulishika upande tofauti kila mara. Vitabu alivyochapisha ni vichache ukivilinganisha na kilichobaki mezani.

Na kilichobaki mezani kiliandikwa kwa hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi unaomwezesha mtu kuandika haraka sana. Sijui kama umewahi kuiona. Huku Tanzania, tangazo la kazi ya katibu muhtasari lilikuwa halikamiliki bila kudai hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 au 100 kwa dakika. Leo vijana husoma sharti hilo wasijue hata linahusu nini. Husserl alitumia mfumo wa Kijerumani wa Gabelsberger, uliochapishwa mwaka 1834, na juu yake akaongeza vifupisho vyake mwenyewe. Mwaka 1924 Ujerumani ilipitisha mfumo mmoja wa taifa, na ule wa Gabelsberger ukaanza kufifia. Kwa hiyo mwaka 1938 kulikuwa na kurasa elfu arobaini za mojawapo ya akili kubwa za karne ile, na watu walioweza kuzisoma sawasawa na pia kuelewa falsafa iliyomo ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wawili kati yao walikuwa wasaidizi wake, Ludwig Landgrebe na Eugen Fink. Wa tatu, Edith Stein, aliyekuwa msaidizi wake kuanzia mwaka 1916 hadi 1918, alikuwa ameshaingia utawani, Mkarmeli.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya kazi yangu ya kutunza nyaraka. Miaka ya nyuma niliwahi kuletewa kasha la madaftari ya katibu muhtasari aliyestaafu zamani. Karatasi zilikuwa safi, hazina hata tundu la mchwa. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki, na hatukumpata mtu wa kuusoma mwandiko wake. Tuliyapa namba, tukayapanga rafuni. Yapo rafuni hadi leo, salama kabisa, na hayasemi neno. Tangu siku hiyo kila ninaposikia kwamba maandishi fulani "yameokolewa" huuliza: na msomaji wake je?

Sasa turudi Freiburg. Husserl alifariki tarehe 27 Aprili 1938. Kwenye mazishi, kitivo chake cha zamani kiliwakilishwa na mtu mmoja tu, mwanahistoria Gerhard Ritter, naye alikwenda kwa hiari yake. Martin Heidegger, mwanafunzi wake aliyerithi kiti chake, hakutokea. Mjane, mama Malvine, alibaki na nyumba, maktaba ya vitabu vipatavyo 2,700, na karatasi zile.

Jambo moja lilikuwa limeshafanyika kabla ya msiba, na bila hilo naamini yote yaliyofuata yangeshindikana. Mwaka 1935 Landgrebe, aliyekuwa akiishi Prague, alikwenda Freiburg, na yeye na Fink wakazipanga karatasi zote kwa mafungu. Kila fungu lilipewa herufi: A kwa fenomenolojia (falsafa yake ya kuchunguza jinsi mambo yanavyotokea katika ufahamu) ya ulimwengu wa kawaida, B kwa upunguzo wa kifenomenolojia, yaani kuziweka kando kwa muda imani zetu za kawaida kuhusu ulimwengu, C kwa habari za wakati, D na E kwa namna vitu na watu wengine wanavyojengeka katika ufahamu wetu, F kwa mihadhara. Kulikuwa na duru ya wanafalsafa Prague, Jan Patočka akiwa mmoja wao, iliyotaka kuyanakili na kuyatunza maandishi hayo, na kupanga kulianza kwa ajili hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi za Husserl zilikuwa na daftari lake miaka mitatu kabla ya kuhamishwa. Aliyekuja kuzibeba alikuta vifurushi vyenye majina. Angekuta lundo, angefanya nini nalo ndani ya wiki nne?

Aliyekuja ni Herman Leo Van Breda, Mfransisko wa Ubelgiji, umri miaka 27. Alifika Freiburg Agosti 1938 akitokea Taasisi ya Juu ya Falsafa ya Chuo Kikuu cha Leuven. Shida yake ilikuwa tasnifu ya udaktari: alitaka kusoma maandishi yasiyochapishwa. Mama Malvine na Fink walimwonyesha kilichokuwepo, naye akaona haraka kwamba tasnifu inaweza kusubiri. Alipendekeza karatasi, maktaba, na hata wasaidizi wenyewe, vyote vihamie Leuven. Ulikuwa ujasiri wa ajabu, kwa kuwa hakuwa na mamlaka ya kuahidi chochote. Alikuwa mwanafunzi. Mkuu wa taasisi yake, Monsinyori Léon Noël, alilipenda wazo hilo lakini hakuwa na fedha mkononi.

Septemba hiyo Hitler alikuwa akidai Sudetenland, eneo la Chekoslovakia lenye wakazi wengi Wajerumani, na kila mtu aliitazamia vita wiki yoyote. Sista Adelgundis Jaegerschmid, Mbenedikto aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Husserl na aliyekuwa akimtembelea hadi siku zake za mwisho, alitoa shauri. Watawa wenzake walikuwa na nyumba Konstanz, mji unaogusana kabisa na Uswisi. Masista walizoea kuvuka mpaka pale. Huenda wangevuka na karatasi kidogo kidogo. Masanduku yakapelekwa Konstanz. Masista wa huko walipopima hatari waliona haiwezekani, na sioni sababu ya kuwalaumu. Fikiria askari wa mpakani anafungua mfuko wa sista anakuta mamia ya kurasa za alama asizozielewa. Angedhani nini kama si ujasusi?

Ndipo Van Breda alipoufikiria ubalozi. Aliuliza kwanza ubalozi mdogo wa Ubelgiji uliokuwa Frankfurt, akaambiwa kwamba kinga kamili ya kidiplomasia iko kwenye ubalozi wa Berlin peke yake. Basi akapanda treni ya usiku na masanduku matatu mazito, na mwishoni mwa Septemba karatasi zikawa ndani ya sefu la ubalozi. Kisheria zilikuwa zimeshatoka Ujerumani, ingawa bado ziko Berlin.

Hapa pana hatua ndogo ambayo wasimulizi wengi huiruka, na mimi naipenda kuliko habari ya treni. Ubalozi ungeweza kutuma kwa mzigo wa kidiplomasia mali ya Mbelgiji tu. Mali ya mjane wa Kijerumani, hapana. Kwa hiyo mama Malvine alitia saini hati inayosema kwamba karatasi zote ni mali ya Van Breda. Ilikuwa hati ya kutimiza utaratibu. Wote wawili walijua nia yake. Lakini angalia uzito wake. Mwanamke wa miaka 78, aliyefiwa miezi mitano iliyopita, anamwandikia kijana aliyemjua kwa majuma machache kwamba kazi yote ya maisha ya mumewe sasa ni yake. Ruhusa ya waziri mkuu wa Ubelgiji, Paul-Henri Spaak, ilipopatikana, mzigo ukaondoka, na mwishoni mwa Novemba 1938 ukafika Leuven.

Katikati hapo, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba, sinagogi la Freiburg lilichomwa moto pamoja na mamia mengine kote Ujerumani, na nyumba za Wayahudi zikavamiwa. Siku hiyo karatasi zilikuwa bado kwenye sefu la ubalozi.

Fedha zilitoka kwa Wakfu wa Francqui, uliokubali mwishoni mwa Oktoba kugharamia kazi hiyo kwa miaka miwili. Wewe unatoka Kongo, basi siwezi kulipita jina hilo kama wasimulizi wa Ulaya wanavyolipita. Émile Francqui alianza kama ofisa wa dola ya Leopold huko kwenu, akaishia kuwa kiongozi wa Société Générale, kampuni iliyoishika migodi ya Katanga. Mji wa Ilebo uliitwa Port-Francqui kwa heshima yake. Mwaka 1932 aliuanzisha wakfu huo pamoja na Mmarekani Herbert Hoover ili kusaidia elimu ya juu Ubelgiji. Sisemi hivi ili kuipunguzia thamani kazi ya Van Breda, ambayo naiheshimu kwa moyo wote. Nasema ili ujue kwamba historia hiyo ya Ulaya inapita pia nyumbani kwenu, na una haki ya kuisimulia ukiwa mwenye nyumba.

Ukaja mzigo wa pili, ambao kwangu ndio mkubwa: wasomaji. Mwaka 1939 Fink na Landgrebe walihamia Leuven na kuanza kuifumbua hatimkato, ukurasa baada ya ukurasa, na kuiandika kwa herufi za kawaida. Aprili ya mwaka huo akafika Mfaransa aliyekuwa bado hajulikani, Maurice Merleau-Ponty, akakaa siku chache akisoma; aliyoyasoma pale utayaona katika kazi zake zote za baadaye. Juni akafika mama Malvine mwenyewe akiwa njiani kwenda Marekani kwa wanawe, lakini vita vikamzuia. Alihifadhiwa na watawa huko Herent, karibu na Leuven, miaka yote ya vita, na akaondoka mwaka 1946.

Sasa swali lako la pili. Wajerumani waliivamia Ubelgiji tarehe 10 Mei 1940. Siku chache baadaye maktaba ya Chuo Kikuu cha Leuven iliteketea, vitabu vipatavyo 900,000. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Agosti 1914 jeshi la Ujerumani lilikuwa limeichoma, vikapotea takriban 300,000. Karatasi za Husserl hazikuungua pamoja na maktaba. Kisha wakati wa ukaliaji zilitunzwa kimyakimya, bila kutangazwa ziko wapi. Mji mzima ulijua maktaba iko wapi. Habari za vifurushi vya hatimkato zilijulikana kwa watu wachache tu.

Hata hivyo, wasomaji walipotea. Vita vilipoanza, serikali ya Ubelgiji iliwakamata Fink na Landgrebe kwa kuwa ni raia wa nchi adui, ikawapeleka kizuizini Ufaransa, na mwishowe walirudi Ujerumani. Watu waliojinyima kazi na cheo kwa ajili ya mwalimu wao Myahudi walifungwa kwa sababu ya pasipoti zao. Karatasi zikawa salama, na hakuna wa kuzisoma. Van Breda hakukaa akasubiri amani. Alimpata Stephan Strasser, mkimbizi kutoka Austria mwenye asili ya Kiyahudi. Strasser, mkewe na mama mkwe wake waliifanya kazi ya kuifumbua hatimkato wakati wa vita, ndani ya nchi iliyokaliwa na watu ambao wangewapeleka kwenye kambi za mauaji wangewatambua. Kazi iliwapa mkate, na wao wakazipa karatasi sauti. Juzuu ya kwanza ya mfululizo wa maandishi ya Husserl ilipotoka mwaka 1950, mhariri wake alikuwa Strasser. Mfululizo huo sasa umepita juzuu arobaini na bado haujaisha.

Van Breda alitaka pia nakala zisikae mahali pamoja. Mwaka 1944 Tran Duc Thao, mwanafalsafa wa Vietnam aliyekuwa akisoma Ufaransa, alipelekea Paris sehemu ya maandishi yaliyokwisha kufumbuliwa. Van Breda alijua kwa nini nakala zitawanywe. Mwaka 1939 kitabu cha Husserl alichokihariri Landgrebe kilikuwa kimechapishwa Prague wakati ule ule Wajerumani walipouteka mji, na shehena yote ikaharibiwa isipokuwa nakala takriban 200 zilizokuwa zimeshapelekwa London.

Wala si kila kitu kilipona. Mali za familia zilihifadhiwa kwenye bandari ya Antwerp zikingoja meli ya Marekani, na mwaka 1940 bandari ilipopigwa mabomu viliteketea humo barua nyingi ambazo Husserl alikuwa ameandikiwa, na picha yake aliyochorwa na mwalimu wake Franz Brentano. Ndiyo maana leo mara nyingi tunasikia upande mmoja tu wa mazungumzo yake. Edith Stein aliuawa Auschwitz Agosti 1942. Maandishi yake mwenyewe yaliachwa utawani Uholanzi, yakahamishwa, jengo likabomolewa na vita, na mwaka 1945 Van Breda alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuokota kurasa kwenye kifusi. Kuzipanga upya kurasa zilizochanganyika vile ni kazi ya miaka.

Nije kwa madaftari ya babu. Hamna ubalozi wala wakfu, lakini mengi yaliyowasaidia watu wa Freiburg hayakuhitaji fedha.

Mkitulia, jambo la kwanza liwe orodha. Lipeni kila daftari namba kwa penseli, ndani ya jalada, kisha mwandike kwenye karatasi moja: namba, mwaka kama unajulikana, linahusu nini, kurasa ngapi. Nakala ya orodha iwe kwa mtu asiyeishi nanyi, hata Bujumbura au Kigoma. Daftari likipotea, angalau mtajua ni lipi. Pigeni picha kwa simu kila ukurasa, mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa flashi, daftari likiwa limelala; anzeni kila daftari kwa picha ya namba yake, la sivyo mtakuwa na picha elfu mbili msizojua zinatoka wapi. Zitumeni kwa watu wawili wanaoishi miji tofauti. Ondoeni pini na vibanio vya chuma kwa sababu vinashika kutu na kuila karatasi, na mipira ya kufungia kwa sababu huyeyuka ikanata. Safarini, funga madaftari kwa kitambaa safi kwanza, halafu nailoni nje kwa ajili ya mvua. Mkifika, nailoni iondoke siku hiyo hiyo, maana unyevu ukifungiwa ndani huleta ukungu.

Andikeni pia barua ya familia, ya ukurasa mmoja, itiwe saini na wazee: madaftari haya ni ya fulani, anayeyatunza ni fulani, akishindwa yaende kwa fulani. Mkilazimika kuyaacha parokiani au kwa jirani, barua hiyo ndiyo itakayomfanya mpokeaji ajue ameshika kitu chenye wenyewe.

Na kuna mwandiko. Hukuniambia kama babu aliandika kwa Kiswahili, Kifuliru au Kifaransa, lakini kila mwalimu wa zamani alikuwa na vifupisho vyake, na majina ya watu na mahali ambayo leo wazee wachache tu wanayajua. Kama bibi yu hai, au shangazi aliyewahi kumsomea magazeti, keti naye. Mpe daftari moja asome kwa sauti huku simu ikirekodi, na anapokwama mwulize: hapa alimaanisha nani? Anzeni na daftari ambalo yeye peke yake ndiye anaweza kulisoma. Mengine yanaweza kungoja. Ukimaliza orodha, nitumie picha yake, nitakuonyesha pa kurekebisha.